Sifuri ya Somoe

Siku walimu wenzangu waliponiaga, waliniomba niseme maneno mawili matatu. Nilishukuru, nikawakumbusha kwamba soda zinapata moto, nikaketi. Watu walicheka, wakadhani ni utani wangu wa siku zote. Kweli ni kwamba nilikuwa na jambo limenikwama kooni na mbele ya keki halikutaka kutoka. Ninaliandika sasa kwa ajili yenu vijana mlioachiwa yale madarasa, hasa ninyi mtakaopangiwa la sita na la saba. Habari za madaraja na mishahara nimeziruka; hizo mtazijua wenyewe na kuzilalamikia wenyewe.

Niliripoti kazini mwezi wa kwanza, mvua zimeshika. Kutoka Nangurukuru nilipata lori la magunia hadi Njinjo, na kutoka hapo nikapanda milima kwa miguu, sanduku la bati kichwani, viatu vipya nimevining'iniza shingoni visiharibike. Nilipofika shuleni nilijificha nyuma ya choo, nikafuta miguu kwa majani, nikavaa viatu ili nionekane mwalimu. Mwalimu mkuu alikuwa akinitazama dirishani muda wote ule.

Aliitwa Mwalimu Hadija, mama mfupi wa makamo, ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti. "Karibu, mwalimu," alisema. "Viatu vizuri." Hakuongeza kitu, nami nilijua kwamba hapo nimeshaanza kufundishwa.

Jioni yake alinipa masharti matatu ya kazi. La kwanza, siku ya kufungua shule usifundishe. Waketishe, waite majina taratibu, mtazame kila mmoja usoni, kwa sababu mtoto uliyemwacha Desemba siye anayerudi Januari. La pili, usisahihishe ukiwa na njaa. La tatu, kata chaki vipande viwili, ndipo haitapiga kelele ubaoni. Hilo la tatu nimelifuata maisha yangu yote.

Lile la kwanza lina maana kubwa zaidi milimani kule kuliko mahali pengine. Desemba shule zikifungwa ndipo watoto wanapoingia jando na unyago. Msichana uliyemwacha akigombania mpira wa matambara uwanjani anarudi Januari ametulia, kitambaa kipya kichwani, anakuamkia kwa kupiga goti na hakutazami machoni. Amefundwa. Ameambiwa kwamba ya nyumbani hayatoki nje, na kwamba neno la kungwi wake halijibiwi. Mwalimu mgeni huona darasa limepata adabu na hufurahi. Mimi nilifurahi miaka mingi.

Kati ya maneno ambayo baadhi yao huambiwa, kuna moja ambalo kila aliyefundisha huku analijua: mtihani wa mwisho wa Darasa la Saba ukifika, andika makosa. Mtoto akifaulu asipelekwe sekondari, mzazi anaitwa kwa mtendaji wa kijiji kujieleza. Mtoto akifeli, hakuna wa kuulizwa. Ni namna ya kuikatalia serikali bila kuivunjia heshima. Nimeona watoto waliokuwa wakinisahihisha mimi ubaoni wakitoka kwenye chumba cha mtihani na uso mkavu, wamefeli kama walivyotumwa.

Nilijiona mjanja, nikatafuta dawa yake. Kila Januari, siku hiyohiyo ya kufungua, niliwapa Darasa la Saba jaribio la maswali arobaini ya kuchagua, nikaliweka kabatini, ili Septemba ikifika nijue nani amejifelisha na nani ameshindwa kweli. Na kabla ya kuligawa nilikuwa na hotuba yangu. "Msije mkanidanganya," niliwaambia. "Hata ng'ombe akipewa penseli akatia kivuli anapotaka, atapata saba au nane. Bahati tu. Lakini mtu akikosa yote arobaini, huyo anajua majibu yote, maana amejua pa kukwepa. Nikimwona huyo, nitakwenda mwenyewe kwa wazazi wake." Watoto walicheka kwa sababu ya ng'ombe. Nilikuwa nairudia hotuba hiyo kila mwaka bila kubadilisha hata mnyama.

Chombo changu cha kusahihishia kilikuwa kipande cha boksi la sabuni. Karatasi ya majibu ilikuwa na safu za viduara, vitano kwa kila swali, na mtoto alitia kivuli kile alichochagua. Mimi nilitoboa boksi kwa msumari wa moto, tundu moja tu kwa kila swali, mahali pa jibu sahihi. Nikilaza boksi juu ya karatasi, tundu likionyesha weusi ni vema, likionyesha weupe ni kosa. Kwa boksi lile nilisahihisha darasa la watoto tisini kabla chai haijapoa. Walimu wa shule jirani walikuja kuliazima. Mwalimu Hadija alilishika siku moja, akaligeuza huku na huku, akasema, "Zuri. Ila linakuonyesha unachokitafuta tu." Nilidhani ananionea wivu.

Sasa nimfikie Somoe.

Somoe alikuwa binti wa Mzee Mbonde, mkulima wa mpunga na korosho aliyeishi bondeni chini ya shule. Nilianza naye darasa la sita. Alikuwa na tabia ya kumaliza hesabu kabla ya wenzake na kisha kuanza kumfundisha jirani yake kwa kiwiko. Niliwahi kumtoa nje kwa kelele hizo, akaendelea kumfundisha kupitia dirishani.

Baba yake hakujua kusoma. Alikuja shuleni kila mwisho wa mwezi, miguu ina tope la shamba, daftari za binti amezifunga kwenye mfuko wa nailoni. Alivua kofia, akafungua ukurasa wenye wino mwekundu, akaweka kidole chini ya maandishi yangu.

"Mwalimu, hapa pamesemaje?"

"Pamesema 'Vizuri sana', Mzee Mbonde."

"Na hapa?"

"Hapo pia."

"Alhamdulillahi." Akafunga daftari kwa mikono miwili. Kuna siku aliongeza, "Mwalimu, nyumbani kuna maneno mengi. Dada yangu anasema mtoto wa kike akishafundwa basi. Mimi nimemwambia, nasubiri neno la mwalimu. Mwalimu akiniambia anaweza, atasoma, hata kama nitabaki na shuka moja."

Nilimwambia anaweza. Nilimwambia darasa la saba litathibitisha. Hayo ndiyo maneno yangu, na mzee aliyachukua kama yalivyo, akaenda kungojea darasa la saba.

Desemba ile Somoe aliingia unyagoni, na kungwi wake akawa huyohuyo shangazi, dada yake Mzee Mbonde. Januari shule ilipofunguliwa alikuja na kitambaa cheupe kichwani, akakaa dawati la tatu. Niliita majina mbiombio kwa kuwa mkaguzi alikuwa ametuma habari kwamba angepita siku hiyo. Nilipofika jina lake aliitika kwa sauti ndogo, nami nikaweka alama ya vema nikaendelea na anayefuata. Nikatoa hotuba ya ng'ombe. Nikagawa jaribio.

Mkaguzi hakutokea. Saa nane mchana nilikuwa sijatia kitu tumboni tangu chai ya alfajiri, na nilitaka kusoma matokeo kabla watoto hawajatawanyika. Nililaza boksi, nikahesabu, nikaandika. Nikalaza, nikahesabu, nikaandika. Nikafika karatasi ya Somoe. Matundu yote arobaini yalikuwa meupe.

Ningepaswa kusimama hapo. Mimi mwenyewe, saa nne tu kabla yake, nilikuwa nimewaambia watoto sifuri ya namna ile ina maana gani. Nilikuwa nimeisema hotuba mara nyingi mno hata nilikuwa siisikii tena. Nilichokiona ni msichana aliyerudi kutoka unyagoni kichwa kimejaa ngoma. Nikachukizwa, kwa sababu nilikuwa nimemtarajia. Nikaandika sifuri kubwa, na kwa kuwa njaa inanipa ubaya wa kuchekesha, nikaichorea macho mawili na mdomo.

Nikasoma matokeo kwa sauti. Nilipofika kwake nikaiinua karatasi darasa zima lione. "Somoe Mbonde ametaga yai," nikasema. "Na yai lenyewe linacheka."

Darasa lilianguka kwa kicheko. Somoe alisimama, kama wanavyosimama wakitajwa. Hakulia. Alikuwa akilitazama lile boksi mezani, na alilitazama muda mrefu kuliko ilivyokuwa heshima. Nikamwambia aketi. Kesho yake nikamhamishia dawati la nyuma.

Habari zilifika bondeni kabla yake. Wiki haikuisha, Mzee Mbonde akaja. Safari hii hakuwa na daftari. Alikuwa ameomba ile karatasi kwa binti yake, kumbe ninayo mimi, kwa hiyo nikaitoa kabatini nikaiweka mbele yake. Aliweka kidole chini ya lile duara lenye macho.

"Mwalimu, hapa pamesemaje?"

"Sifuri, mzee."

"Kati ya ngapi?"

"Arobaini."

Hakuondoa kidole. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza habari za mgonjwa, "Na huku kucheka ni kwa nini?"

 Nilisema ni mchoro tu. Akavaa kofia akashukuru, na mlangoni akageuka. "Basi nilikuwa najidanganya. Kila mtu na riziki yake. Ahsante kwa kuniambia ukweli, mwalimu."

Somoe alimaliza mwaka kwenye dawati la nyuma. Hakumfundisha tena mtu kwa kiwiko. Septemba alifanya mtihani wa taifa, na matokeo yalipotoka hakuwemo kwenye orodha ya waliochaguliwa, wala hakuna aliyeuliza.

Desemba hiyo mchwa waliingia kabatini. Nilitoa karatasi zote nje kuzianika, na boksi langu likawa juu ya rundo la majaribio ya Januari. Upepo ulilisukuma kidogo, si zaidi ya upana wa kidole. Karibu matundu yote yakajaa weusi.

Nilidhani macho yangu yananidanganya. Nikalirudisha: weupe. Nikalisukuma tena: weusi, karibu yote kutoka juu hadi chini. Ndipo nikaliondoa kabisa, kwa mara ya kwanza, nikaitazama karatasi yenyewe. Ilikuwa ya Somoe. Kila jibu lake lilikuwa limekaa kiduara kimoja kulia kwa jibu sahihi, na pale ambapo jibu sahihi lilikuwa la mwisho, yeye alirudi mwanzo. Arobaini, bila kukosea hata moja. Vivuli vilikuwa safi, vimekolezwa kwa uangalifu, kama mtu anayeandika barua. Niliketi chini palepale kwenye vumbi la mchwa, na mwanafunzi mmoja aliyekuwa akichota maji alikuja kuniuliza kama naumwa.

Nilimkuta Somoe shambani kwao, yuko peke yake juu ya dungu, analinda mbegu za mahindi zisifukuliwe na ngedere. Aliposhuka kuniamkia nilimpa karatasi. Aliitazama kidogo tu, akanirudishia.

"Shangazi alinambia niandike makosa, mwalimu. Mtihani wa mwisho ukija, niandike makosa. Kungwi habishiwi, na ya nyumbani siruhusiwi kuyatoa. Sasa siku ile ukasema habari ya ng'ombe." Akawatupia jiwe ngedere. "Nikaona hapa sitasema neno, ila mwalimu ataona. Ataenda kwa baba."

"Mwanangu, sikuona."

"Nilijua hukuona. Hukunyanyua boksi."

Nilimuuliza kama ningeweza kumfanyia lolote. Posa ilikuwa imeshapokelewa, na kanuni haziruhusu mtoto kurudia darasa la saba. Yote hayo aliyajua kuliko mimi. Aliomba jambo moja tu.

"Kamwambie baba kwamba mimi si mjinga. Basi. Anionyeshe kwa watu kama zamani."

Nilimwahidi kwamba nitakwenda Ijumaa, mzee akitoka msikitini.

Hapa ndipo ninapowaomba msome polepole, kwa kuwa kukosea kwa boksi ni kosa la njaa na haraka, na wengi wangenisamehe. Hili la pili sina pa kulificha. Sikwenda. Ijumaa hiyo nilifika hadi njiapanda ya bondeni, nikaona wazee wamekaa wengi barazani, nikafikiria itakavyokuwa: mwalimu wa Darasa la Saba, anayesomea kijiji kizima barua zao, amesimama mbele ya watu kusema kwamba aliichorea macho sifuri ya mtoto mwenye akili kuliko wote. Nikarudi. Nikasema Ijumaa ijayo. Haukupita mwaka mmoja, nikahamishiwa Kiswere, pwani, na nilipanda gari nikiwa na ile karatasi katikati ya daftari la mahudhurio.

Kiswere nilifundisha hadi nilipostaafu. Watoto wa wavuvi wana hila zao na ninawakumbuka kwa upendo, ila hayo si ya leo. Boksi sikulitumia tena. Kila Januari nilisahihisha karatasi kwa macho, moja moja, baada ya kula, na vijana mliokuwa nami mlinicheka kwamba mzee anachelewa kama kobe. Kwa njia hiyo niliwaona watoto wachache waliokuwa wanakwepa majibu kwa makusudi, nikaenda kwa wazazi wao usiku huohuo, na baadhi walisoma. Mmoja ni muuguzi. Nikisikia wanamsifu, mimi huona aibu. Na kila Januari, nikiita majina ya darasa jipya, nilisema moyoni: likizo ya Juni nitakwenda kwa Mzee Mbonde. Ahadi ni deni, hilo tunawaandikia watoto ubaoni tangu darasa la pili.

Mwaka huu, baada ya kukabidhi kabati, nilishuka Nangurukuru kusubiri basi, nikaingia kwenye kibanda cha mama ntilie kula wali. Aliyenipakulia alikuwa mama mnene kidogo, mtandio wa kijani, sauti ya amri kwa wasaidizi wake. Aliniwekea sahani, akanitazama, akapiga goti.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba," nikajibu, na nilikuwa nimeshamjua kabla sijamaliza neno.

Aliketi mbele yangu. Tuliulizana hali, watoto, mvua. Ukutani nyuma yake kulikuwa na ubao wa vyakula, umeandikwa kwa chaki, mwandiko wa Somoe uleule ulionyooka. Nilipoweza, nikauliza habari za baba yake.

"Baba ametangulia mbele ya haki, mwalimu. Mwaka juzi, mfungo sita."

Nilisema yanayosemwa. Kisha nikamwambia kwamba sikwenda, ile Ijumaa. Kwamba sikwenda kabisa.

"Najua. Tungesikia." Hakusema kwa hasira. Alifuta meza mahali ambapo palikuwa safi. "Baba alinipenda, usifikiri. Ila alikuwa ananionea huruma. Barua ikija nyumbani, au karatasi ya hospitali, nikinyoosha mkono niisome anainyakua. Anasema, 'Acha mama, tutamtafuta mtoto wa jirani.' Hataki niaibike mbele ya watu. Mpaka anaumwa, zile karatasi za dawa alikuwa akizilalia, nisije nikahangaika nazo."

"Na wewe hukumwambia?"

"Nilimwambia, mwalimu. Mara nyingi." Akainuka, maana wateja walikuwa wanaita. "Alikuwa akinishika kichwa, ananambia, 'Mwanangu, yule mwalimu hakosei.'"

Basi langu lilikuja, likapiga honi, likaondoka. Nililala Nangurukuru, na asubuhi Somoe akafunga kibanda, akanipeleka milimani kwao. Kaburi la Mzee Mbonde liko bondeni, kando ya mikorosho yake. Aliniacha pale nisome dua. Nilipomaliza nilibaki nimechutama, nikaitoa ile karatasi kwenye bahasha yangu ya kustaafu, nikaikunjua juu ya goti, nikaweka kidole chini ya jibu la kwanza. Nilikaa hivyo muda mrefu, na hakuna aliyeniuliza hapa pamesemaje.